Ada ndogo za kadi ya benki: nani anazilipa, na sheria za mbali zinatugusaje?

Somo: Nehemia 5:1-13



Katika makanisa yetu ya mashariki, kadi ya benki si kitu cha watu wengi. Wengi wetu tunashika franka na dola mkononi, au tunaziweka kwenye simu. Hata hivyo kadi imekwisha kuingia katika maisha yetu. Mwalimu wa shule zetu za kiprotestanti anapokea mshahara wake kupitia benki. Mtoto wetu anayesoma Kampala analipiwa shule kwa kadi ya mjomba. Ndugu aliye Ubelgiji au Kanada anaandika namba za kadi yake kwenye simu ili mama yake apate dawa huko Butembo. Na kila mara pesa inapopita, kitu kidogo kinakatwa.

Kwa sababu ni kidogo, hatuulizi. Lakini kidogo kinachokatwa kwa kila mtu, kila siku, ni mali nyingi, na mali hiyo ina mwenye kuipokea. Katika makala haya nataka kueleza ada hiyo inatoka wapi, nchi nyingine zilifanya nini kuipunguza, kwa nini zilifaulu nusu tu, na jambo hilo linatuhusu namna gani sisi tulio Kongo.

Pesa ya kadi inapita mikono mingapi?

Tuchukue mfano rahisi. Dada mmoja wa kanisa anayeishi Brussels anaingia dukani na kununua viatu vya euro 100. Analipa kwa kadi. Yeye anaona euro 100 zimetoka kwenye konti yake, na anafikiri mwenye duka amepata euro 100. Sivyo. Mwenye duka anapata pungufu, kwa maana katikati yao kuna watu watatu: benki ya yule dada iliyompa kadi, benki ya mwenye duka iliyomletea mashine, na kampuni ya mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, inayounganisha benki hizo mbili.

Kila mmoja wa hao watatu anachukua sehemu yake. Sehemu iliyoleta ugomvi mkubwa duniani ni ile ambayo benki ya mwenye duka inailipa benki ya mwenye kadi. Tuiite ada ya benki kwa benki. Mnunuzi haioni kwenye risiti, na mwenye duka hana nguvu ya kuijadili. Inapangwa na mtandao wa kadi, lakini inayopokea ni benki iliyotoa kadi.

Hapo kuna jambo la ajabu. Sokoni, wauzaji wawili wakishindana, bei inashuka. Katika kadi ilikuwa kinyume. Mitandao inashindana kuzivuta benki zitoe kadi zao, na njia ya kuivuta benki ni kuiahidi ada kubwa zaidi. Basi mashindano yalipandisha bei badala ya kuishusha. Ndiyo sababu serikali nyingi ziliona kwamba soko peke yake halitatengeneza jambo hili.

Sasa, je, mwenye duka anakubali hasara? Hapana, anaongeza kidogo kwenye bei ya vitu vyote. Kwa hiyo hata yule mzee asiye na kadi, anayelipa kwa noti, analipa ada ya kadi bila kujua. Na katika nchi za matajiri benki nyingi huwarudishia wenye kadi za mkopo zawadi, kama pointi za kusafiri kwa ndege. Maana yake, senti ya maskini anayelipa kwa noti inasaidia kugharamia safari ya mwenye kadi nzuri. Hakuna aliyemwibia mchana, lakini mzigo umehama kutoka bega moja kwenda jingine, na aliyetwikwa hakuambiwa.

Nchi zilizojaribu kuweka mpaka

Australia ilitangulia. Mwaka 2003 Benki Kuu yake ilishusha ada ya benki kwa benki kwenye kadi za mkopo kutoka karibu 0.95% hadi karibu 0.55%. Pia iliwaruhusu wenye maduka kumwonyesha mnunuzi ada waziwazi: ukilipa kwa kadi unaongeza kiasi fulani, ukilipa kwa noti huongezi. Wazo lilikuwa jema, kwamba anayetumia kadi ndiye alipe gharama ya kadi. Lakini benki zilipopoteza mapato upande mmoja, zilipandisha ada ya mwaka ya kadi na kupunguza pointi. Na baadhi ya wafanyabiashara walitumia ruhusa ile kutoza zaidi ya gharama yao. Ilibidi mwaka 2016 itungwe sheria nyingine ya kukataza nyongeza zilizopita kiasi.

Marekani ilifuata mwaka 2011. Kwa kadi za benki zenye mali ya zaidi ya dola bilioni 10, ada ya kadi ya kawaida, ile inayotoa pesa moja kwa moja kwenye konti, iliwekewa kikomo cha senti 21 pamoja na 0.05% ya bei, na senti moja zaidi kwa benki zinazotimiza masharti ya kuzuia wizi. Kabla ya hapo wastani ulikuwa senti 44 hivi. Mwaka huohuo Bank of America ilitangaza kwamba itawatoza wateja wake dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi hiyo. Watu walipiga kelele, na baada ya wiki chache benki iliacha mpango huo. Lakini kimyakimya benki nyingi zilipunguza konti za bure, na walioumia zaidi ni wateja wenye pesa kidogo. Tena, muuzaji wa vitu vidogo, kama kikombe cha kahawa, ambaye zamani alikatwa senti chache tu, sasa alianza kukatwa kiasi kizima kilichoruhusiwa. Sheria ilikuwa imeweka dari, na kwake dari likageuka sakafu.

Umoja wa Ulaya ulisubiri hadi Desemba 2015. Tangu hapo ada ya benki kwa benki haipaswi kupita 0.2% kwa kadi ya kawaida na 0.3% kwa kadi ya mkopo ya mtu binafsi. Kwa viatu vya euro 100, ni senti 20 au 30. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na nchi ambamo ada hiyo ilipita 1%. Punguzo ni la kweli. Hata hivyo wafanyabiashara wa Ulaya wameendelea kulalamika kwamba ada nyingine, zile za mtandao wenyewe ambazo sheria haikuziwekea kikomo, zimekuwa zikipanda.

Na Uingereza inatufundisha somo lake. Ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, kikomo hicho kililinda manunuzi kati yake na nchi jirani. Ilipotoka, ulinzi huo ukaisha. Kati ya 2021 na 2022 Visa na Mastercard zilipandisha ada ya manunuzi ya intaneti kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya kutoka 0.2% na 0.3% hadi 1.15% na 1.5%. Kazi ilikuwa ileile na mashine zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mlinzi aliondoka mlangoni.

Ukitazama habari hizi zote pamoja, unaona jambo moja. Ada ikizuiwa kwenye mlango mmoja, inatafuta mlango mwingine. Sheria inasaidia, tena inahitajika sana, lakini sheria inayolinda mlango mmoja tu haitoshi. Na mara nyingi mlango unaobaki wazi ni ule wa mtu mdogo asiye na msemaji.

Nehemia na sehemu moja ya mia

Wako wanaosema mambo ya benki si ya mimbarani. Nawaomba wasome tena Nehemia sura ya 5. Watu walikuwa wanajenga ukuta wa Yerusalemu, na katikati ya kazi hiyo takatifu kilio kikatokea. Hawakuwa wanawalilia maadui wa nje. Walikuwa wanawalilia ndugu zao Wayahudi waliowakopesha na kuchukua mashamba yao. Katika mstari wa 11 Nehemia anawaambia wakubwa warudishe mashamba, na pia ile sehemu moja ya mia ya fedha waliyokuwa wakitoza. Moja ya mia! Leo tungeandika 1%. Wafasiri wengi wanaona ilitozwa kila mwezi, yaani kama 12% kwa mwaka. Kwa jina ilikuwa kitu kidogo. Kwa matokeo, watu walipoteza watoto wao utumwani.

Tazama Nehemia alivyofanya. Alisikia kilio kwanza, akakasirika, kisha akatafakari moyoni kabla ya kusema. Aliita mkutano mkubwa, ili jambo lililofanyika gizani lisemwe mbele ya watu wote. Hakutosheka na ahadi, aliwaita makuhani na kuwaapisha wale wakubwa. Tena alijitia mwenyewe ndani ya hesabu: alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha watu, na mistari inayofuata inaonyesha kwamba alikataa chakula cha uliwali kwa sababu watu walikuwa wamelemewa.

Hapo tunapata kipimo cha kupimia ada yoyote. Kutoza malipo kwa kazi iliyofanyika si dhambi. Benki inalinda pesa, mashine ina gharama, mtu wa kabine anakaa juani kutwa nzima, naye anastahili ujira wake. Dhambi inaanza pale ada inapofichwa, inapopita kazi iliyofanywa, au inapomwangukia mtu asiyeweza kukataa. Ndiyo maana torati, katika Kumbukumbu la Torati 25, inakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo.

Na sisi wa Kongo?

Mtu anaweza kuuliza: vikomo vya Ulaya vinatufaa nini huku Bunia au Uvira? Jibu la kweli ni kwamba vinatugusa kidogo, tena kwa upande.

Kwanza, kikomo cha Ulaya cha mwaka 2015 kinahusu kadi zilizotolewa huko na kutumiwa hukohuko. Kadi iliyotolewa na benki ya Kongo haimo. Mwaka 2019 Visa na Mastercard ziliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kupunguza ada hata kwa kadi zinazotoka nje: 0.2% na 0.3% mtu akilipa ndani ya duka, 1.15% na 1.5% akilipa kwa intaneti. Lakini anayefaidi kwanza ni mwenye duka wa Ulaya. Mkongomani mwenye kadi bado anaweza kukatwa na benki yake kwa kutumia kadi nje ya nchi au kwa kubadilisha dola kuwa euro. Hiyo imo katika orodha ya bei ya benki yake, si katika sheria ya Ulaya.

Pili, kuna mtego wa mashine. Ukienda Kampala au Nairobi na kadi yako ya dola, mashine inaweza kukuuliza: unataka hesabu kwa dola au kwa shilingi? Wengi wanachagua dola kwa sababu wanazifahamu. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi anajiongezea. Ukichagua pesa ya nchi uliyomo, ubadilishaji unafanywa kwa bei ya mtandao wa kadi, na kwa kawaida unapata nafuu. Umoja wa Ulaya uliona mtego huo, na tangu Aprili 2020 mwenye mashine huko analazimishwa kuonyesha nyongeza yake kabla mteja hajakubali. Mahali ambapo hakuna anayelazimishwa kuonyesha, mteja anajilinda kwa kujua.

Tatu, pesa za ndugu zetu walio nje. Ndugu aliye Brussels akilipa kwa kadi ya kawaida, ada ya benki kwa benki haipiti 0.2%. Lakini pesa ikifika kwa mama yake, kilichopungua ni zaidi sana ya hapo. Kwa miaka mingi hesabu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara ni eneo ghali kuliko yote kutumiwa pesa, mara nyingi kati ya 7% na 10% kwa dola 200. Mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo iwe chini ya 3%. Bado ni safari ndefu. Kadi imelindwa, lakini bei ya kubadilisha pesa, ada ya kampuni ya kutuma, na makato ya kabine inayotoa pesa, yote yanabaki njiani.

Nne, kuna kanuni za kimataifa zisizohusu ada moja kwa moja, lakini zinaongeza gharama. Mwezi wa Oktoba 2022 Kongo iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya GAFI, shirika lenye makao Paris linalosimamia vita dhidi ya pesa haramu na pesa za ugaidi. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje zinauliza maswali mengi zaidi juu ya pesa inayokwenda au kutoka huko. Maswali ni kazi, kazi ni gharama, na gharama inashuka hadi kwa mteja. Kanisa linalotumiwa msaada wa kisima au zahanati linaweza kuona pesa imekaa wiki kadhaa ikisubiri karatasi. Vita dhidi ya pesa haramu ni vya haki, hasa kwetu ambao tumeona pesa ya madini ikinunua bunduki. Lakini GAFI yenyewe, Novemba 2023, ilirekebisha pendekezo lake la 8 na kusema wazi kwamba hatua za nchi zisizuie bila sababu kazi halali za mashirika yasiyotafuta faida. Viongozi wa makanisa wana haki ya kulitaja hilo mbele ya benki.

Na hapa nyumbani hadithi ni ileile. Serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa watumishi wake kupitia benki, nia ilikuwa kuziba mikono iliyokuwa ikipunguza mishahara njiani. Mlango mmoja ulizibwa. Kwa mwalimu wa kijijini mwingine ulifunguka: safari ya kwenda mjini, foleni, ada ya kutoa pesa. Tangu mwanzo wa 2025, benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango na noti zikawa haba, wengi wameonja makato ambayo hayamo katika orodha yoyote ya bei.

Mambo tunayoweza kufanya

Hatuna uwezo wa kupanga ada ya Visa. Lakini yapo mambo yaliyo mkononi mwetu.

Mweka hazina wa kanisa aandike mistari miwili: pesa iliyotumwa, na pesa iliyofika. Tofauti yake iandikwe kama gharama na kuelezwa. Hivyo mtoaji hatadhani pesa imeliwa, na mweka hazina hatashukiwa bure.

Kila mwenye konti aombe orodha ya ada za benki yake kwa maandishi: ada ya mwezi, ya kadi, ya kutoa pesa kwenye mashine ya benki nyingine, ya kutumia kadi nje ya nchi. Kama ada ya kutoa pesa haibadiliki kwa kiasi, kutoa mara moja ni nafuu kuliko kutoa mara nne. Lakini afikiri pia juu ya usalama wa njia. Maisha yanapita dola mbili za ada.

Kanisa linalopokea misaada kutoka nje liweke tayari karatasi zake: hati ya kutambuliwa na serikali, majina ya viongozi, mpango wa kazi na bajeti, ripoti ya pesa ya mwaka uliopita. Benki ikiuliza, jibu litoke siku hiyohiyo.

Ndugu walio nje wasitazame tu pale palipoandikwa kwamba kutuma ni bure. Waulize swali moja: nikitoa kiasi hiki, mama atashika ngapi mkononi? Swali hilo moja linakusanya ada zote, hata zile zilizofichwa katika bei ya kubadilisha pesa.

Mwisho, neno kwa ndugu na dada wenye maduka, wabadilishaji wa dola na wenye kabine wanaoketi nasi Jumapili. Tusizishtaki kampuni za mbali huku na sisi tuna mawe mawili mfukoni. Kama mteja amekwisha kukatwa ada kwenye simu, na wewe unamwongezea yako kwa sababu noti ni haba na hana mahali pengine pa kwenda, basi kilio cha Nehemia 5 kinakuhusu. Ukiwa na gharama ya kweli, iandike kwenye karatasi, uibandike mahali mteja anapoiona kabla hajatoa pesa, na bei iwe moja kwa mwenye nguvu na kwa mjane. Wale wakubwa wa Yerusalemu walipoambiwa ukweli waliahidi kurudisha, na mkutano wote ukasema Amina.

Bwana atupe macho ya kuona yaliyofichwa katika hesabu za wengine, na moyo wa kuziweka wazi hesabu zetu wenyewe.